Shela Lisilofuliwa

Dada yangu husema nina kichwa kigumu na mikono myepesi, na kwamba vitu hivyo viwili havikupaswa kuwekwa ndani ya mtu mmoja. Simbishii tena. Niliacha kumbishia tangu wiki ile aliyoolewa, nilipochukua shela lake, kitu pekee tulichokatazwa kukigusa, nikalipeleka kwa miguu yangu mwenyewe mbele ya sufuria ya mafuta ya sangara.

Ilikuwa miaka ya tisini, tukiishi Ilemela, juu kidogo kwenye mawe, mahali ambapo ndege ikipaa unayaona magurudumu yakiingia tumboni. Nyingine zilibeba minofu ya sangara kwenda Ulaya. Minofu ilipanda ndege, sisi tukabaki na mapanki, yaani kichwa, mifupa, mkia, na nyama kidogo iliyosahauliwa na kisu cha kiwandani. Mama aliyanunua kwa ndoo, akayakaanga na kuyauza kituoni. Mafuta ya kukaangia hakuyanunua, maana sangara huja na mafuta yake. Unayaweka jikoni polepole mpaka yayeyuke, unayachuja, halafu unamkaanga mwenyewe humohumo. Kazi ya kuyeyusha ilikuwa yangu. Nilikuwa na miaka kumi na tisa, nimemaliza kidato cha nne na matokeo hayakuwa ya kusimulia wageni. Niliichukia kazi ile. Nilinuka sangara mpaka kwenye kope. Kwaya walinipa nafasi ya mwisho kabisa, karibu na dirisha, wakasema ni kwa ajili ya sauti yangu.

Dada alikuwa anaolewa na kijana wa ng'ambo ya ziwa, upande wa Sengerema, kwa watu wa ng'ombe. Jumapili ya kabla ya harusi mama yake yule kijana alivuka na kivuko cha Kamanga, akapanda mawe yetu akiwa na sanduku dogo la bati kichwani, na hakukubali mtu ampokee. Alikuwa mrefu, mkavu, mwenye maneno machache. Tulipomwamkia shikamoo aliitikia marahaba huku akitukagua mmoja mmoja, kama yuko mnadani na bado hajaamua. Ndani ya sanduku kulikuwa na shela aliloolewa nalo yeye mwenyewe. Hakujaliwa binti, kwa hiyo alikuwa amemletea mkwewe.

Dada alitabasamu kwa taabu. Siku zile maduka ya mjini yalikuwa yameanza kujaa. Sisi tuliokulia kwenye foleni za sabuni tulikuwa tukienda kutazama mashela mapya yenye maua na lulu za kubandika, na dada alikuwa ameshachagua lake kwa macho. Hili la sandukuni halikuwa na ua wala lulu. Lilikuwa kipande kirefu cha neti nyeupe, pande zote sawa, laini kiasi kwamba mtu akipumua karibu nalo linatikisika. Mama mkwe hakulikunjua. Alifunua kifuniko, akatuonyesha mkunjo wa juu, akafunga.

"Shela hili halifuliwi," alisema. "Na bibi harusi halijaribu. Siku yenyewe nitakuja kumvika mimi."

Kosa la yule mama, kama naruhusiwa kusema alikuwa na kosa, ni kwamba alisema bibi harusi. Hakusema mdogo wake.

Jumatano mama alikuwa kituoni na dada ameenda kwa fundi kupima gauni. Nikabaki na sufuria. Banda letu la jiko lilitazamana na dirisha la chumbani, na kioo cha dirisha lile ndicho kioo pekee nyumbani ambacho mtu aliweza kujiona kuanzia kichwani hadi magotini. Nieleweke vizuri: sikuwa mwehu. Nilinawa mikono kwa sabuni, mara mbili, ndipo nikafungua sanduku. Nikajitupia shela kichwani, nikasimama uani baina ya jiko na dirisha, nikamwona bibi harusi mzuri ajabu akinitazama kutoka ndani ya nyumba. Nikatembea hatua za kanisani. Nikapokea pongezi. Nikakumbuka mafuta, nikainama kufunua sufuria niangalie yamefikia wapi, na mikono yangu misafi, ambayo sikuifuta, ikadondosha maji ndani.

Mpishi yeyote anajua kinachofuata. Mafuta yalilipuka. Niliruka nyuma, nikalivua shela, nikalikunjua juani.

Yalikuwa katikati kabisa ya kitambaa. Madoa manne marefu, ya njano, yamelala sambamba, na la tano limejitenga pembeni kwa mshazari. Katika yale manne, la mwisho lilikuwa fupi, kama mafuta yaliliishia njiani. Leo najua kwamba mtu mwenye akili angejiuliza ni vipi mafuta yaliyoruka dakika ile yamewahi kuwa ya njano kiasi kile. Sikuwa mtu mwenye akili. Nilikuwa mtu mwenye hofu, na hofu yangu ilikuwa na sababu. Wale watu wa ng'ambo walishaanza kututania kwamba mahari ya ng'ombe wao yanakwenda kununua harufu ya samaki. Dada alikuwa amemsubiri yule kijana miaka mitatu. Sasa angeingia ukoo ule na shela la mama mkwe likiwa na alama za sufuria yetu, na angeambiwa habari hizo mpaka wajukuu wake waote ndevu.

Nikaanza na nilichokuwa nacho. Nilikuwa nimesikia kwamba unga hunyonya mafuta, na unga wetu ulikuwa udaga, ule wa muhogo uliovundikwa. Nikaumwaga juu ya madoa, nikangoja, nikaukung'uta. Madoa yalikuwa palepale. Tofauti ni kwamba shela sasa lilinuka udaga.

Nikalifunga ndani ya kanga, nikalitia kwenye beseni la plastiki, nikashuka mpaka kwa dobi mmoja wa Kirumba, mzee aliyevaa miwani iliyofungwa kwa uzi. Alilikunjua barazani kwake, akalitazama mbele ya mwanga, akauliza ni mafuta ya nini. Nikasema ya sangara. Akaleta pua karibu, akanusa, akanusa tena.

"Udaga nausikia," alisema. "Ila haya madoa si ya sangara, binti. Tena si ya leo."

Nikambishia. Nilimwambia kwa heshima zote kwamba kama kuna mtu Mwanza nzima anayeyajua mafuta ya sangara ni mimi, kwamba nayayeyusha kila siku ya Mungu, na kwamba haya yameruka asubuhi hii mbele ya macho yangu. Mzee alinitazama juu ya miwani, akaona hana sababu ya kugombana na mteja. Kazi yenyewe aliikataa. Alisema shela la mtu haligusi, maana kaptura ikiharibika unaomba radhi, lakini shela likiharibika unahama mji. Alichonipa ni maelekezo, na aliyatoa polepole kama anayemfundisha mtu kuendesha gari. Doa la mafuta, alisema, halifukuzwi na maji, hufukuzwa na kitu kinachokunywa mafuta. Tandika kitambaa safi kikavu chini, lilaze shela kifudifudi. Weka poda ya mtoto, iache inywe, ipulize. Chovya pamba kwenye spiriti, gusagusa kuanzia ukingoni kwenda ndani ili doa lisitanuke. Halafu maji ya vuguvugu na sabuni laini, bonyeza kwa ncha za vidole. Usisugue, neti itanyofoka. Usikamue. Anika kivulini. Rudia mpaka uchoke, halafu rudia.

"Na pasi usiiguse mpaka umelikagua lote, pembe kwa pembe," alimalizia. "Moto unapika doa. Likishaiva halitoki."

Nilimshukuru, na kama kawaida yangu nikaondoka na maneno yake yote kasoro la mwisho.

Nyuma ya nyumba yetu kulikuwa na mawe mawili makubwa yenye upenyo wa kukaa mtu katikati. Hapo ndipo nilipohamia. Mama alipouliza ninakwenda wapi kila nikimaliza kazi, nilimwambia nakwenda kumwombea dada. Mama aliguswa sana. Akawasimulia wanawake wa kwaya, nao wakaongeza lao, na kufika Alhamisi mchana ilikuwa inajulikana mtaa mzima kwamba nimefunga. Kwa hiyo hakuna aliyeniletea chakula. Nilikaa katikati ya mawe na poda, spiriti na njaa, nikisikia harufu ya mapanki ya mama ikipanda kutoka jikoni, na sikuweza kusema neno.

Kwa uvumilivu ambao sijawahi kuuonyesha tena katika jambo lolote, niliyashughulikia madoa yale moja baada ya jingine. La kwanza lilififia Alhamisi asubuhi. Kufika jioni nilikuwa nimelimaliza la pili, ambalo ndilo lilikuwa refu kuliko yote. Lile la pembeni lilikuwa nene upande wa chini na liliniletea matatizo. Nilijua kila moja lilikoanzia, mahali lilipojikunja kidogo, mahali rangi ilipokolea. Niliyasemesha. Nililitukana hasa lile fupi, kwa sababu lilikuwa dogo na ndilo lililokuwa kaidi, na mimi siwezi kuvumilia kitu kidogo kinachojifanya kikubwa. Ngozi ya vidole vyangu ilianza kuchubuka kwa spiriti. Ijumaa saa tisa mchana lile fupi nalo likaondoka, na neti ikawa nyeupe, tupu, kama imetoka dukani.

Nilicheza. Nasema kweli, nilicheza peke yangu katikati ya mawe. Halafu nikakimbia ndani, nikatia makaa kwenye pasi, nikatandika shuka juu ya meza na kulipitishia shela pasi kwa juu juu, haraka, kabla dada hajarudi. Nilipofika ukingoni, kwenye kona ambayo siku zote tatu ilikuwa imekunjwa chini ya goti langu, nikaliona. Doa moja la duara, ukubwa wa kifungo cha shati. Lilikuwa limeshageuka rangi ya chai, na lilinuka waziwazi, bila kujificha, sangara.

Nilikaa sakafuni. Nilijaribu kila kitu upya, lakini dobi alikuwa amesema kweli, lilikuwa limeiva. Sikujiuliza hata wakati ule kwa nini hili halikufanana na yale mengine. Nilichofanya ni kulikunja shela kwa hesabu kali, ili kona ile iangukie nyuma, chini, kwenye visigino vya dada, mahali ambapo hata mwenye wivu haangalii.

Jumamosi asubuhi mama mkwe alikuja na kivuko cha kwanza. Dada alikuwa amekaa kwenye kigoda chumbani na gauni lake, mama yangu amesimama mlangoni, na mimi nilishika kopo la pini. Yule mama alinawa mikono, akaifuta, akafungua sanduku. Alilikunjua shela juu ya mapaja yake na kuanza kulipitisha kwenye vidole, taratibu, hatua kwa hatua. Alipofika katikati akasimama. Akaliinua mbele ya dirisha. Akalishusha, akaanza upya kutoka mwanzo, na safari hii mikono yake ilikuwa na haraka.

"Uko wapi?" aliuliza.

Hakuna aliyemwelewa. Mama yangu akauliza, kwa upole, kama kuna kitu kimepungua. Ndipo akatueleza, akilitazama shela na si sisi. Mama yake hakuwa mtu wa kanisa. Siku ya harusi alikataa kuvuka mlango, akasema mambo ya humo ndani ni ya wenyewe. Lakini kwao binti haondoki bila kupakwa samli, kwa hiyo alisimama nje na kibuyu, na bintiye alipofika mlangoni akauchovya mkono mzima, akamwekea kichwani, juu ya shela. Padri alikasirika. Bibi harusi mwenyewe, msichana wa misheni, aliona aibu na kulia. Mwaka uliofuata mama yake akafa, hakuwahi kupigwa picha hata moja.

"Mama hakuingia kanisani," alisema. "Mkono wake ndio uliingia."

Nilitazama ncha za vidole vyangu. Siku tatu. Kidole kimoja kimoja. Na lile fupi nililokuwa nimelitukana. Nilitaka kusema, lakini mbele yangu dada alikuwa amegeuza uso uliopakwa poda, anatazama huku na huku kwa woga, machozi yakikaribia.

Wakati huo vidole vya mama mkwe vilikuwa vimefika kwenye kona. Vikaligusa lile doa la duara. Akalileta karibu na macho, halafu puani. Alinusa kwa muda mrefu. Halafu aliinua uso, akamtazama dada, akamtazama mama, akaishia kwenye mikono yangu iliyochubuka.

"Upo," alisema. "Huu hapa."

Akaligeuza shela lote, lile ambalo mimi nilikuwa nimelipanga kwa hesabu kali, akaichukua kona ile na kuiweka sawasawa juu ya utosi wa dada, akaninyooshea mkono nimpe pini. Mama yangu akapiga kigelegele. Wanawake waliokuwa uani wakapokea bila kujua wanapokea nini. Dada akalia kwa furaha, poda ikaharibika, na hivyo ndivyo alivyokwenda madhabahuni, na tone la sangara kichwani kama taji. Shemeji alinisimulia baadaye kwamba hakumbuki sana mahubiri ya siku ile. Anachokumbuka ni kwamba alipomfunua mkewe uso, ghafla alisikia njaa.

Sikusema. Nilijiambia kwamba yule mama amezeeka, pua imechoka, na kwamba kama yeye ameupata mkono wa mama yake mimi ni nani nimnyang'anye mara ya pili. Yalikuwa maelezo mazuri na sikuyaamini. Kila alipovuka kuja kuwaona wajukuu nilijipa kazi jikoni.

Miaka minne baadaye ikawa zamu yangu kuolewa. Wiki moja kabla, akaja. Nilikuwa jikoni, juu ya sufuria ileile, nikaona kivuli kirefu kwenye mlango wa banda na lile sanduku la bati. Alisema hana binti, na mimi ni mdogo wa mkwewe, kwa hiyo amelileta. Aliketi kwenye kigoda karibu nami. Nikajua nikilipokea lile shela sitaweza kuishi na nafsi yangu, nikamwambia, "Mama, siwezi kulivaa," halafu yote yakanitoka, dirisha, maji ya mikono, udaga, dobi, mawe, pasi. Nililia mpaka kamasi.

"Mwanangu," alisema nilipomaliza, "mama yangu alikufa kabla huyo sangala hajaonekana Kamanga."

Sangara ni samaki wa kuletwa, aliingia ziwani mkono ule wa samli ukiwa umeshazikwa; alikuwa amejua tangu pumzi ya kwanza. Nikamuuliza kwa nini alinyamaza, na akaniambia kwamba angesema siku ile, harusi ingekuwa ya shela. Dada angeingia kanisani analia kosa lisilo lake, kama alivyoingia yeye. Alishalia siku moja ya namna hiyo na hakutaka kuiona tena. Nikamwomba msamaha. Aliupokea kwa kutikisa kichwa tu, kama mtu anayepokea mzigo aliokuwa ameshauzoea. Halafu akalifungua sanduku, akalikunjua shela juu ya magoti yetu wote wawili.

"Mimi sikuwahi kuutazama mkono ule," alisema. "Siku ile nililia. Baadaye nikaufungia, nikiogopa utaisha nikiutazama. Wewe umekaa nao siku tatu. Nieleze ulivyokuwa."

Nikamweleza. Nilitandaza kiganja changu cha kulia juu ya neti tupu na kumwonyesha kila kidole kilikoanzia. Hiki kilikuwa kirefu kuliko vyote, hapa kilijikunja kidogo. Gumba lilikaa hivi, kwa mshazari, nene upande wa chini, alikandamiza hapo. Vilikuwa vimeachana, mama, alikuwa ameufungua mkono wote.

"Na cha mwisho?"

"Kilikuwa kifupi. Hakikufika."

Alisema kilikatwa na mundu wakati wa mavuno, yeye akiwa bado mgongoni, na kwamba alikuwa ameanza kusahau ni mkono upi. Kisha akaushika mkono wangu wa kulia, unaonuka vile unavyonuka, akakikunja kidole changu cha mwisho kwa ndani, akauinua na kujiwekea kichwani. Akafumba macho. Tulikaa hivyo mpaka mapanki yakaanza kuungua, nami nikayaacha yaungue.